Upande wa Kushoto wa Nira

Haki ya Mungu, na asiyetaka azibe masikio: haya yaliyotokea Sibwesa ni kweli tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna hata punje ya chumvi iliyoongezwa. Shamba lipo. Korongo lipo. Ng'ombe mwenyewe yupo, na ukitaka kumuuliza nenda, ila simama mbali kidogo na pembe. Anayebisha ni yule ambaye hajawahi kufungwa nira begani.

Ladislas alifungwa.

Huyu Ladislas si mtu wa ng'ombe. Alizaliwa Mwese, kule milimani, kwenye ukoo ambao wazee wake walitoka Burundi na jembe la mkono begani, na hawajalitua mpaka leo. Mwese mtu analima kwa kiuno chake. Ardhi imelala kama paa la nyumba, na ukileta plau pale utaenda kuiokota bondeni. Aliposhuka Sibwesa kufuata ardhi tambarare, akawakuta Wasukuma wanamaliza heka nzima kabla jua halijawa kali, wanatembea tu nyuma ya maksai wao huku wakipiga miluzi. Akaona wivu. Akauza pikipiki na mahindi yote ya mwaka ule, akaenda kwa Maduhu, Msukuma wa jirani, akanunua jozi ya maksai, plau moja na nira.

Maksai wenyewe waliitwa Kisoda na Jemedari. Kisoda alikuwa mfupi, mwekundu, mpole kama mtu anayeomba radhi. Jemedari alikuwa mweusi, na baka jeupe usoni, na pembe zake zilikuwa pana kiasi kwamba mlangoni mwa zizi alipita kwa kugeuza kichwa kama mtu aliyebeba kitanda.

"Sikia, ndugu yangu," Maduhu alimwambia siku ya kumkabidhi. "Ng'ombe wa jembe kila mmoja ana upande wake. Jemedari ni wa kulia, anakanyaga ndani ya mtaro. Kisoda ni wa kushoto, juu ya ardhi mbichi. Usiwabadilishe. Na usije ukampachikia Jemedari mwenzake mwingine. Mwaka juzi nilimwekea dume la shemeji yangu, akalitoboa ubavu hapohapo kwenye nira."

Ladislas alicheka, akalipa, akawaswaga nyumbani. Lakini tangu siku ile hakuwahi kupita mbele ya Jemedari. Majani alimrushia kwa mbali, kisha akasema ng'ombe hula vizuri akiachiwa nafasi. Aliyemsogelea yule mnyama ni mkewe tu, Donatille, ambaye alikuwa akimkuna nyuma ya sikio huku akimsimulia bei ya sukari.

Mwishoni mwa Novemba mbung'o wakammaliza Kisoda. Alikonda siku kumi, ya kumi na moja hakuamka. Na Jemedari akaanza tabia iliyomtia Ladislas baridi: kila asubuhi alitoka zizini peke yake, akaenda pale nira ilipolala chini, akasimama upande wa kulia. Akangoja. Akatazama kushoto kwake, pasipo na kitu, akangoja tena.

Mvua nazo zilikuwa zimeshika. Ndani mlikuwa mmebaki debe tatu za mahindi ya kula. Mbegu ilikuwepo, ardhi ilikuwepo. Kisichokuwepo ni upande wa kushoto wa nira. Ladislas na Donatille walishika majembe ya mkono siku tano mfululizo, na walipoinua vichwa waliona kipande walicholima kinatosha bustani ya mchicha. Heka tatu zilibaki. Maksai wote wa Maduhu walikuwa na foleni ya watu mpaka Krismasi, na Sibwesa ukipanda baada ya Krismasi unavuna mabua.

Hapo ndipo jirani yao, Mzee Gaspar, alipokuja na ushauri. Mzee Gaspar ni mstaafu wa reli, mtu wa busara, jasiri, na kwa umri wake mwili umekaa vizuri sana.

"Nyie vijana hamjui," alisema. "Mwaka themanini na nne, pale stesheni ya Mpanda, nilimwona mtu kwa macho yangu amefungwa nira moja na punda. Wakavuta behewa mpaka Kaliua."

"Behewa?" Donatille aliuliza.

"Lilikuwa tupu."

"Baba Aline, usimsikilize huyu mzee."

Ladislas hakumsikiliza mkewe. Alikuwa anamtazama Jemedari, ambaye alikuwa amesimama kwenye nira, na pale kushoto kwake pakawa panamfaa mtu kabisa, mtu mwenye mabega mapana kidogo, mtu wa Mwese aliyezoea kuinama.

"Una wazo lingine, Mama Aline?"

Donatille alifikiri. Aliangalia mlango wa chumba yalimokuwa madebe.

*

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba, na pori lililo upande wa mashariki halikuonekana ila kivuli. Mzee Gaspar alishika mikono ya plau. Donatille alishika kamba ya Jemedari mbele, panga kiunoni kwa ajili ya visiki. Ladislas akabaki amesimama na gunia lililokunjwa, la kumkinga bega, akiitazama nafasi yake.

"Ingia basi," alisema Mzee Gaspar. "Ng'ombe anangoja."

"Naona."

"Au unaogopa?"

"Naogopa nini? Nataka gunia likae vizuri."

Gunia lilikuwa limekaa. Alilikunjua, akalikunja upya, likaanguka. Donatille aliliokota, akamwekea begani.

Alipoinama chini ya mti wa nira, kitu cha kwanza alichokutana nacho ni jicho. Jicho la ng'ombe kwa karibu ni kubwa kuliko unavyodhani. Lilikuwa jeusi, lina maji, na ndani yake Ladislas alijiona mwenyewe, mdogo kama inzi, amejikunja. Ncha ya pembe ilikuwa shubiri moja kutoka sikioni kwake. Pumzi ya yule mnyama ilimpiga shavuni, ya moto, yenye harufu ya majani yaliyochacha.

Sasa ikaja habari ya kamba. Wasukuma wanapofunga kamba ya nira hupitisha kijiti kwenye fundo. Likitokea la kutokea, unachomoa kijiti, kamba inaachia, ng'ombe yuko huru. Maduhu alikuwa amempa Ladislas vijiti viwili. Ladislas alikishika kimoja, akakitazama. Je, kikichomoka chenyewe? Kamba italegea, nira itainama, mti utamgonga Jemedari kwenye sikio, na Jemedari atageuza kichwa kuona ni nani aliyemgonga. Akageuza kichwa, ile shubiri moja imekwisha.

Akakitupa kijiti.

"Nifunge fundo la Mwese," alimwambia mkewe.

Fundo la Mwese ni lile la mzigo wa kuni, ambao mtu anateremka nao mlima mzima pasidondoke hata ufito. Mzigo unavyozidi kuvuta ndivyo fundo linavyozidi kuuma.

"Hili halifunguki, Baba Aline. Mpaka tulikate."

"Ndivyo ninavyotaka."

Donatille alipitisha kamba chini ya makwapa yake, ikakatiza kifuani, ikazunguka mti wa nira nyuma ya shingo, mahali ambapo mikono yake mwenyewe isingefika. Alivuta mara mbili. Ladislas alisikia fundo likikaa.

"Haya, twende!" Mzee Gaspar akapiga mluzi.

Mstari wa kwanza Ladislas hakuuona. Aliona miguu yake tu na udongo mwekundu ukija. Mti wa nira ulimlalia begani kama mtu mnene aliyelewa. Mnyororo ulilia nyuma, plau ikazama, ardhi ikapasuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, na kumbe inawezekana. Mtu na ng'ombe wanavuta, na shamba linalimika. Angefurahi kama asingekuwa na yule mnyama ubavuni.

Kwenye mstari wa pili Jemedari akamwegemea. Taratibu, bega kwa bega, uzito ule wote, kama alivyokuwa akimwegemea Kisoda. Kisha akatoa ulimi, mkavu kama msasa, akamlamba shingo kuanzia kola mpaka nyuma ya sikio.

Ladislas alibana meno asipige kelele. Na hapohapo akaelewa jambo lililomkata maini: Jemedari alidhani huyu ni Kisoda. Alingoja siku zote zile, na sasa Kisoda amerudi.

Akigundua je?

Tangu hapo Ladislas hakukohoa. Hakufuta jasho. Alianza kupumua kwa pua, kwa nguvu, na kukanyaga kwa uzito. Alijaribu kukumbuka Kisoda alikuwa anatembeaje, kama alikuwa anatangulia mguu huu au ule, na akajilaumu kwamba miezi yote ile alimtazama yule ng'ombe bila kumchunguza.

"Baba Aline, umechoka?" Donatille aliuliza bila kugeuka.

Ladislas alizidi kukanyaga kwa uzito.

"Baba Aline! Nakuuliza!"

"Mmmm," alijibu Ladislas.

"Huyu amekuwaje?"

"Mwache," alisema Mzee Gaspar. "Ameingia kwenye kazi."

Walikuwa kwenye mstari wa saba, karibu kabisa na upande wa pori, Jemedari aliposimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Kanga waliokuwa wanagombana kwenye majani tangu alfajiri walikuwa wamenyamaza, na Ladislas hakujua wamenyamaza tangu lini. Ngozi ya Jemedari ilianza kutetemeka, kwanza begani, kisha ubavu wote, vipande vipande, kama maji ya sufuria kabla hayajachemka.

"Hee! Twende!" Mzee Gaspar alipiga mluzi, na mluzi ukafia katikati.

Ule mngurumo Ladislas hakuusikia kwa masikio. Aliusikia kwenye mti wa nira. Ulipita kwenye mbao, ukaingia kwenye mfupa wa shingo yake, ukashuka mpaka magotini. Ulikuwa mfupi, wa chini, wala haukuwa wa hasira. Ulikuwa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Hatua arobaini mbele kulikuwa na kichuguu, na juu ya kichuguu ukungu ulikuwa na rangi ya mchanga mahali ambapo haukupaswa kuwa na rangi. Halafu ile rangi ikainua kichwa.

"Simba," Donatille alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Ladislas alipeleka mikono nyuma ya shingo. Vidole viligusa ncha ya fundo tu. Lilikuwa gumu kama kokoto.

Jemedari akageuka, akakimbia.

Mtu akikimbia kwa woga wake mwenyewe, huwa anachoka. Ladislas alikuwa anakimbizwa na woga wa ng'ombe. Hatua mbili za kwanza alikwenda kwa miguu yake, ya tatu hakuipata, na kutoka hapo alikuwa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba: mara goti linapiga tuta, mara nira inamnyanyua mzima mzima, mara kidevu kinakula udongo. Donatille alikuwa mbele. Ladislas alimwona akiruka pembeni, kitenge kikatoweka kwenye kona ya jicho, na labda alikimbilia nyumbani kusali. Nani atamlaumu, simba si mbuzi.

Nyuma yake plau iliruka na kutua, ikaruka na kutua, na kila ilipotua alisikia chuma kikichimba pale kisigino chake kilipokuwa. Akianguka, itampitia. Akitangulia, pembe hii hapa. Hakuweza kugeuza kichwa. Angeweza, angemwona Mzee Gaspar bado ameng'ang'ania mikono ya plau, miguu haigusi chini, koti linapepea kama bendera ya stesheni, na bado mzee anapiga mstari ulionyooka! Walikatiza muhogo wa jirani. Wakatokea barabarani wakamkuta kijana wa bodaboda amepakia magunia matatu ya mkaa, wakampita, naye akageuza pikipiki akarudi alikotoka. Wakaivuka barabara wakiilima, na ule mtaro upo mpaka leo, magari yanautambua.

Kisha Ladislas akaliona korongo.

Ni lile la upande wa chini, lenye kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani. Mvua ya jana yake ilikuwa imelijaza maji mekundu, na mlio wake aliusikia kabla hajaliona vizuri. Jemedari alikwenda moja kwa moja. Hakuwa anatazama mbele. Macho yake yote mawili yalikuwa nyuma, kwa yule aliye kwenye kichuguu.

Hatua thelathini. Ladislas aliwaza debe tatu za mahindi. Hatua ishirini. Aliwaza fundo, na ni nani aliyeomba lifungwe hivyo. Hatua kumi, na hapo akasahau kwamba yeye ni Kisoda.

"Jemedari! Simama! Mana yanje, Mungu wangu, simama!"

Jemedari alisikia sauti ya mtu kutoka mahali pa mwenzake. Akageuza jicho, lile jicho kubwa, na safari hii Ladislas hakujiona ndani yake. Aliona mboni ikipanuka. Alijua amegunduliwa.

Ng'ombe aliruka kulia, kumkimbia. Ndicho kilichowaokoa wasiingie wote wawili kichwa mbele, na ndicho kilichomtupa Ladislas nje, kwa maana yeye ndiye wa kushoto, na kushoto hapakuwa tena na ardhi. Miguu yake ilikanyaga hewa. Mti wa nira ukainama naye. Kamba ikapanda kutoka kifuani, ikapita kwenye mfupa wa bega, ikakaa kooni, na fundo la Mwese, ambalo halijawahi kumwangushia mtu ufito hata mmoja, likaanza kuuma.

Jemedari akachukua hatua nyingine pembezoni mwa korongo. Udongo ukamomonyoka. Hatua nyingine.

Halafu mnyororo ukakazika kwa kishindo. Nyuma huko plau ilikuwa imezama chini ya mzizi, imezamishwa na mtu, kwa uzito wa mwili wote, na kila kitu kikasimama. Jemedari alibaki anatetemeka, amevutwa nyuma. Ladislas alibaki ananing'inia. Dunia ilianza kuwa nyeusi pembeni. Alisikia maji chini. Alisikia nyayo juu, zinakuja mbio kwenye majani, na pumzi nzito ya kitu kilichokimbia mbali, na akajua kwamba simba amefika, na kwamba hataweza hata kumwona.

Likapita panga mbele ya macho yake. Mkono ukashika kola ya shati lake. Panga likashuka mara moja, mara mbili, mara tatu, kamba ikaachia, na yule mtu akamvuta juu ya ukingo kama anavyovutwa ndama, akaanguka naye majanini. Ladislas alipata pumzi moja, akazimia.

Na mkono ule ulikuwa wa nani, kama si wa Mzee Gaspar? Mkono wa kiume, wenye mishipa, mkono wa mtu wa reli! Alimlaza kijana chini, akamgeukia simba, akamwambia kwa sauti ya taratibu...

*

"Subiri," alisema Donatille.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mkasa, na uani kwake kulikuwa kumejaa watu waliokuja kumpa pole mumewe. Ladislas mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, shingo imevimba imelingana na kichwa, sauti hakuna, anakunywa uji kwa kijiko. Na katikati ya watu, juu ya kiti pekee chenye mgongo, alikuwa ameketi Mzee Gaspar, kwa maana ndiye aliyekuwa anasimulia yote haya tangu mwanzo.

"Endelea, mzee. Panga ulikata kwa mkono gani?"

"Wa kulia, Mama Aline."

"Naomba niuone."

Mzee Gaspar aliutoa polepole, kama mtu anayeulizwa tiketi. Donatille aliugeuza watu wauone. Kiganja kilikuwa laini kama unga uliokandwa. Kisha akaweka birika chini, akafungua vya kwake viwili. Ngozi ilikuwa imetoka yote, yamebaki majeraha mekundu matupu, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo.

"Na haya ni ya nini?" aliuliza. "Ya kusali?"

Kutoka kwenye mkeka Ladislas aliinua mkono, akamwelekezea mkewe kidole, akaushusha.

"Niliruka pembeni, ni kweli, ng'ombe ananijia ningefanya nini," alisema Donatille. "Nikageuka naona plau inapita inarukaruka, haina mtu. Haina mtu, jamani! Nikaikimbilia. Nimeiangukia kifudifudi mara mbili ndipo ikashika mzizi. Mtu wa plau alikuwa wapi, mimi sikumwona."

"Mimi nilimwona," alisema Maduhu, aliyekuwa ameegemea zizi. "Nilisikia kelele nikaja mbio kutoka shamba la pili. Alikuwa juu ya mninga, amekumbatia tawi. Ananiuliza, simba ameondoka? Nikamwambia ameondoka. Akasema, hakikisha tena."

Hapo uani kukalipuka. Mama mmoja alimwagikiwa chai. Mzee Gaspar alicheka nao, akafuta macho, akajaribu kuonekana kama mtu ambaye utani wake umepokewa vizuri.

"Na yule wa bodaboda?" mtu aliuliza.

"Hakukuwa na bodaboda," alisema Donatille. "Hata barabarani hatukufika."

"Na simba? Naye hakuwepo?"

Kicheko kikapungua. Maduhu alivua kofia yake, akaiangalia ndani.

"Simba alikuwepo," alisema. "Nyayo nimezipima kwa hii. Alishuka kichuguuni, akawafuata mpaka katikati ya shamba, akakaa chini. Majani yamelala pale alipokaa. Alikaa akatazama. Hapo mzee hakuwadanganya."

Watu wote waligeuka, bila kuambizana, wakaliangalia pori. Mmoja mmoja wakaanza kuaga.

"Wewe baki, mzee," Donatille alisema. "Mganga wa zahanati amesema shingo ya Baba Aline ni mwezi mzima. Mbegu imo ndani. Maduhu alijaribu jana kumwekea Jemedari ng'ombe mwingine."

"Hataki," alisema Maduhu. "Nusura atutoe utumbo. Ila mtu, mayu, mama yangu, ameshamzoea. Mtu anamkubali."

Mzee Gaspar alielewa, na rangi ikamtoka.

"Mama Aline, mimi nina miaka sitini na nane!"

"Ulipokuwa unapepea nyuma ya plau, ulikuwa na mingapi?"

Aliangalia huku na huku. Aliangalia mkeka, akakutana na macho ya Ladislas, na macho yale hayakuwa na hasira; yalikuwa yanamhurumia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi kuliko yote.

*

Mzee Gaspar aliulipa uongo wake kesho yake asubuhi. Maduhu alishika kamba mbele, fimbo ndefu begani, anaangalia kichuguu zaidi ya anavyoangalia mstari. Donatille alijifunga vitambaa viganjani, akashika plau. Kamba ya nira ilifungwa kisukuma, kwa kijiti, na Mzee Gaspar alikigusa mara nne kuhakikisha kinachomoka, mpaka Maduhu akamwambia akikigusa tena atakichomoa yeye.

Jemedari alimnusa. Alimnusa kuanzia kichwani mpaka tumboni, kwa kirefu, na mzee alifumba macho, jasho likamtiririka mgongoni wakati jua halijatoka. Kisha ule uzito ukaja, bega kwa bega, ukamwegemea.

Walipiga mstari wa kwanza. Walipiga wa pili. Mzee Gaspar, ambaye tangu astaafu hakuwahi kukaa kimya kwa muda wa kumeza mate, hakutoa neno. Kwenye wa tatu walielekea upande wa mashariki, na ukungu ulikuwa mzito kule, na alitaka sana kugeuka nyuma, ila palipo na shingo ya kugeuza palikuwa na mti wa nira.

"Mama Aline," alisema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua. "Upo hapo nyuma?"

Donatille aliikandamiza plau ardhini.

"Nipo, mzee. Vuta."